Maikrofoni moja juu ya okestra nzima

Vijana ninaowafundisha kurekodi huniuliza swali lilelile: okestra nzima, tuiwekee maikrofoni ngapi? Kabla sijajibu huwawekea santuri ya Mercury, kampuni ya kurekodi muziki ya Marekani.

Mercury ilianzishwa Chicago mwaka 1945. Aprili 1951 fundi Robert Fine aliingia Orchestra Hall akatundika maikrofoni moja tu, Neumann U-47, juu ya mahali aliposimama kondakta Rafael Kubelik. Kazi iliyorekodiwa, Pictures at an Exhibition ya mtunzi Mrusi Mussorgsky, inaanza na tarumbeta peke yake, na hapo ndipo ninapowaambia vijana watege sikio: kila noti ikitoka, unasikia ukumbi unaipokea. Halafu tarumbeta nyingine na matromboni wanaitikia, na unajua kabisa nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Mkosoaji wa New York Times aliandika kuwa ni kama kukaa mbele ya okestra yenyewe, na maneno yake ndiyo yaliyozaa jina la mfululizo wa santuri hizo, Living Presence.

Maikrofoni ikiwa moja, filimbi ikimezwa huna pa kuipandishia. Kondakta ndiye anayepima nani apige kwa nguvu na nani apunguze. Fundi anatafuta mahali pa kutundika, anapima kiwango cha sauti kwa sehemu yenye kishindo kikubwa kuliko zote, kisha anaondoa mkono. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe, na ni mgumu kuliko kuchanganya chaneli 40, yaani sauti za maikrofoni 40 tofauti. Stirio ilipoingia, maikrofoni zikawa tatu: kushoto, katikati, kulia. Basi.

Mwaka 1961 waliacha kanda ya kawaida wakarekodi kwenye filamu ya sumaku ya milimita 35, ile ya sinema. Kanda nyembamba ikikaa imeviringishwa, sauti ya mzunguko mmoja huambukiza wa jirani, ukasikia noti kwa mbali kabla haijapigwa. Filamu ni nene, na matundu ya pembeni huifanya iende bila kuyumba.

Mtayarishaji alikuwa Wilma Cozart, aliyeolewa na Fine mwaka 1957. Fine alifariki 1982. Miaka ya 1990 mama huyo alirudi kwenye kanda na filamu za awali, akatumia mashine za enzi zilezile, za valvu (taa za kioo zilizotumika kabla ya transista), akachanganya chaneli tatu kuwa mbili kwa masikio yake mwenyewe kwa ajili ya CD. Nilijifunza kusikiliza kwa CD hizo, miaka mingi kabla sijashika santuri yenyewe.