Mama P, mama M, na nzi wasiotaga

Kila nikifundisha somo hili maabara, naanza na chupa mbili za nzi wa matunda waliokuzwa kwenye nyuzi joto 29. Chupa ya kwanza baba zao ni aina ya P, mama zao M (P wana kipande fulani cha DNA, M hawana). Ya pili nimegeuza: mama P, baba M. Jeni walizorithi kwenye kromosomu, kwa mabinti, ni zilezile. Lakini wapasue uwatazame kwa hadubini: wa chupa ya kwanza ovari zimesinyaa, yai halionekani. Wa pili wamejaa mayai.

Wanafunzi hukimbilia kusema ni uchotara wa spishi. Sivyo, hawa wote ni Drosophila melanogaster. Margaret Kidwell na wenzake waliieleza hali hii mwaka 1977. Nzi waliofugwa maabara tangu zamani, kabla ya miaka ya 1950, walikuwa M. Waliokamatwa porini baadaye, wengi P. Katikati hapo aliingia mgeni: kipengele P, kipande cha DNA chenye herufi 2,907, kinachobeba maelekezo ya kimeng'enya cha kukikata kilipo na kukibandika kwingine. Kilitoka kwa nzi wa spishi nyingine, Drosophila willistoni wa Amerika, huenda kwa kubebwa na utitiri.

Kwenye seli za mwili kinatulia, kwa sababu introni yake ya tatu (kipande kinachopaswa kuondolewa kwenye nakala ya RNA ili maelekezo yasomeke) haiondolewi, na kimeng'enya hakikamiliki. Kwenye seli za uzazi huondolewa. Hapo kinaruka, DNA inakatikakatika, seli zinakufa.

Sasa, mama P anawakingaje wanawe? Hapa ndipo ninapopapenda. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba mama hupakia ndani ya yai RNA fupi, piRNA, zinazokitambua kipengele na kukinyamazisha. Mbegu ya dume haileti akiba hiyo. Baba P anamleta mgeni bila kinga. (Kwetu mtoto asipopatikana, lawama humwangukia mwanamke. Mama M hana kosa lolote: ukoo wake haukuwahi kukutana na mgeni huyu.)

Drosophila simulans, ndugu wa karibu, alijulikana kuwa hana P. Mwaka 2015 ikaripotiwa kwamba kimeshamwingia, kwa nzi waliokusanywa Florida na Afrika Kusini. Chupa zangu za simulans wa zamani sizitupi ng'o.