Msandarusi Mmoja, Majina Mawili

Mwanafunzi mmoja alituletea orodha ya miti ya pwani, tuilinganishe na vielelezo vikavu tunavyovihifadhi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la kisayansi Hymenaea verrucosa, wa pili Trachylobium verrucosum, naye alikuwa amehesabu miti miwili. Kumbe ni mmoja: msandarusi, ule ambao utomvu wake ulisafirishwa kutoka Zanzibar kwenda kutengenezewa vanishi.

Verrucosa ni "yenye vinundu", na ukilishika tunda lake utavihisi. Lakini mbona mwisho umebadilika? Nomino za Kilatini zina jinsia tatu, na kivumishi hufuata nomino yake. Mswahili halimshangazi hilo: kisu kikali, mapanga makali. Sisi tunabadili mwanzo wa neno, Kilatini hubadili mwisho. Hymenaea ni ya kike, Trachylobium si ya kike wala ya kiume. Ua la Usambara nalo liliitwa Saintpaulia ionantha mwaka 1893. Lilipohamishiwa Streptocarpus, jenasi (yaani kundi la mimea inayokaribiana) ya kiume, likawa ionanthus.

Mtego upo kwenye miti. Ficus inaishia na -us kama neno la kiume, ila Warumi waliihesabu miti mingi kuwa ya kike. Ndiyo maana msasa ni Ficus exasperata, si exasperatus. Maana yake ni "iliyokwaruzishwa", na fundi seremala hahitaji kamusi kulielewa hilo: jani lake ndilo lililoipa jina karatasi anayosugulia mbao.

Kima punju wa Unguja amewahi kuitwa Procolobus kirkii, leo Piliocolobus kirkii, na kirkii haikuguswa. Hiyo si sifa, ni nomino katika umbo la umilikishi: "wa Kirk", yaani John Kirk, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar. Angekuwa mwanamke, mwisho ungekuwa -ae.

Tahajia ni kisa kingine. Mjafari ni Zanthoxylum chalybeum. Neno la Kigiriki la "njano" huanza na x, kwa hiyo wapo walioandika Xanthoxylum, na kwa asili ya neno hawakukosea. Ila Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliandika z mwaka 1753, na z ndiyo iliyobaki. Mbambakofi nao utaukuta kama Afzelia quanzensis, kwingine cuanzensis, kwa sababu ya mto mmoja wa Angola ulioandikwa kwa namna mbili.

Yule mwanafunzi nilimwambia atafute verrucos tu kwenye kompyuta, mwisho auache wazi. Orodha yake ikapungua mti mmoja.