Nyumba ya Mikindani huanza kuharibikia uani

Kazi yangu ni kukagua majengo ya kale, na kila ninapoitwa kutazama nyumba Mikindani, mji wa kale wa pwani mkoani Mtwara, wenyeji hunipeleka kwanza mlangoni. Nionyeshwe nakshi, kisha unene wa ukuta, kisha boriti za mikoko zilizobeba dari. Vyote hivyo vina thamani kubwa. Lakini mimi huomba nipitishwe uani kabla ya kitu kingine chochote, maana nyumba hizi zilijengwa pamoja na ua wake. Anayeharibu ua ameshaanza kuiharibu nyumba, hata kama kuta bado zimesimama.

Mikindani ilikuwa bandari ya majahazi na misafara. Livingstone aliteremka hapa mwaka 1866 akielekea bara katika safari yake ya mwisho. Mpango wa karanga wa Waingereza wa miaka ya 1940 ulipoleta bandari mpya Mtwara, biashara ikahamia huko. Mji ukapoa, na kwa kuwa hapakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, nyumba nyingi zikabaki.

Ukuta wa nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na udongo, mara nyingi unene wake ukipita nusu mita. Hauna msingi wa zege wala karatasi ya kuzuia unyevu. Maji ya ardhini hupanda ndani yake kidogo kidogo, na pwani maji hayo hubeba chumvi. Mafundi wa zamani walilijua hilo. Lipu yao ya chokaa iliruhusu unyevu utoke na kukauka kwa upepo, na ua wao uliachwa udongo wazi ili mvua inywewe na ardhi, mizizi ya miti nayo ichukue sehemu yake. Mti wa uani ulikuwa kivuli, ulikuwa chakula, na ulikuwa sehemu ya mfumo wa maji wa nyumba.

Sasa tazama kinachofanyika siku hizi. Mti unakatwa kwa sababu unachafua kwa majani, kisha ua mzima unamwagwa zege. Mvua za Mtwara zinapoanza, kwa kawaida Novemba au Desemba, maji hayana pa kuzama. Yanasukumwa chini ya kuta. Fundi anaitwa, naye anapiga lipu ya saruji kuziba unyevu. Hapo ndipo ugonjwa unapokuwa mkubwa, maana saruji hufunga njia ya kukaukia. Maji yanapanda juu zaidi na chumvi inajikusanya nyuma ya lipu.

Kuna nyumba moja karibu na ufukwe ambako nilimwonyesha mwenye nyumba jambo hili kwa mkono. Niligonga ukuta usawa wa kiuno, ukalia mtupu. Nikabandua kipande cha saruji kwa patasi. Nyuma yake chumvi ilikuwa nyeupe, laini kama unga wa muhogo, na chokaa ya zamani ilidondoka yenyewe. “Mbona tulipoishi na mwembe hapakuwa hivi, mwanangu?” akauliza bibi huyo. Nikamwambia, “Bibi, umeshapata jibu lako. Mwembe ulikuwa unakufanyia kazi.” Hatukurudisha mwembe, eneo lilikuwa dogo. Tulivunja ukanda wa zege unaofuata ukuta, tukajaza kokoto, akapanda mkomamanga mbali kidogo na msingi, na asumini na rehani pembeni.

Hayo maua nayo nayahesabu kama urithi. Asumini, rehani na mhina ndiyo mimea ya harusi za pwani. Kikuba, kile kishada cha maua yenye harufu nzuri, hakitungwi kwa plastiki. Mwaka 1982 ICOMOS, baraza la kimataifa la kumbukumbu na maeneo ya kihistoria, lilipitisha Mkataba wa Florence, unaoitaja bustani ya kihistoria kuwa kumbukumbu iliyo hai. Sisi wa kusini hatukuhitaji kuambiwa. Wajerumani walijenga Boma la Mikindani mwaka 1895, na mwaka huohuo walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyeongoza upinzani dhidi yao, kule Kilwa Kivinje. Boma linatajwa kwa kuta zake. Makunganya anakumbukwa kwa mti, Mwembe Kinyonga. Katika ripoti zangu mti wenye historia hupata ukurasa wake, sawa na ukuta.

Sheria yetu ina pengo hapa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Nyumba nyingi za Mikindani ni za baada ya 1863. Kwa hiyo mlango unaweza kuwa chini ya ulinzi huku nyumba iliyoushika, na ua wake, vikisubiri tangazo la waziri. Naliona hili kuwa hatari kubwa kuliko chumvi.

Si kila mmea ni rafiki, nao. Ndege huangusha mbegu za mtini juu ya kuta, mche ukaota kwenye ufa. Usiung’oe, utang’oka na mawe. Ukate usawa wa ukuta, uue shina, subiri mizizi ikauke, ndipo uitoe na kujaza ufa kwa chokaa.

Na ukitaka kupiga lipu upya, anza mvua zikiisha na ukuta ukiwa umepata muda wa kukauka. Chokaa iliyolowekwa majuma kadhaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga usio wa baharini, na magunia yenye maji juu yake siku za mwanzo. Fundi akikwambia aongeze saruji “kidogo tu ili ishike”, mkatalie.