"Ukijifungua tu, presha inaisha", na mengine tunayoambiana kuhusu figo za mjamzito

"Ukijifungua tu, presha inaisha." Katika yote wanayoambiwa wajawazito, hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Kondo la nyuma likishatoka, chanzo cha presha ya mimba kimetoka nalo. Ila mara nyingi presha hupanda tena kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kuzaa, mama akiwa ameshaaga wodi na macho ya wote yako kwa mtoto. Hata degedege la kifafa cha mimba linaweza kumkuta ndani ya wiki 6 za uzazi. Kichwa kinachogonga bila kutulia, maluweluwe, maumivu chini ya mbavu za kulia, pumzi kukatika: hayo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama mtoto ana siku 10.

Figo nazo zina hesabu yao. Kila moja ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni 1, kazi yake kutoa taka kwenye damu na kuzuia protini isipotee. Priklampsia, ile hali inayotangulia kifafa cha mimba, huvimbisha kuta za mishipa ndani ya vichujio hivyo. Damu inapita kwa shida, protini inavujia kwenye mkojo. Wengi hupona kabisa, wengine hubaki na makovu. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba aliyepata priklampsia katika mimba ya kwanza ana uwezekano karibu mara 5 wa kuja kufikia figo kushindwa kabisa, akilinganishwa na ambaye hakuipata. Kwa mama mmoja mmoja hatari hiyo bado ni ndogo, wala siitaji ili kumtisha mtu. Naitaja ili miezi 3 baada ya kujifungua arudi apimwe presha, mkojo na kreatinini, yaani taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu. Protini ikiwa bado ipo, hilo si la kusubiri.

"Mbona sijisikii kuumwa?" Figo zinaweza kuharibika bila maumivu yoyote. Kiuno kinachouma katika ujauzito mara nyingi ni mgongo na uzito wa tumbo, na miguu kuvimba jioni huwapata wengi wasio na tatizo. Kinachoonyesha ukweli ni kile kijiti kinachochovywa kwenye mkojo: kisanduku cha protini kikigeuka kutoka njano kuwa kijani, na presha imefika 140/90 baada ya wiki ya 20, mkunga hakuachii uende zako. Kwa hiyo tafadhali usione uvivu kutoa mkojo kliniki.

Hapa kuna mtego ambao hata wenye kusoma majibu yao wenyewe hunaswa. Katika mimba figo huchuja damu zaidi kwa karibu nusu, hivyo kreatinini hushuka. Kiwango kinachoitwa cha kawaida kwa mtu mzima yeyote, kwa mjamzito kinaweza kuwa dalili kwamba figo zimeanza kuelemewa. Mwulize daktari kama ameisoma namba yako kwa kiwango cha mjamzito.

Kuhusu unene, watu hukosea pande zote mbili. Wapo wanaosema unene ni dalili ya afya, mama ale kwa ajili ya wawili. Figo za mtu mnene sana huwa zinachuja kupita kiasi hata kabla ya mimba, vichujio vikatanuka. Mimba inaongeza mzigo juu ya mzigo. Mwenye uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 30 na zaidi ana uwezekano wa priklampsia mara 2 hadi 3. Lakini wembamba nao huipata, na wanene wengi hawaipati kamwe, kwa hiyo anayemlaumu mama kwa mwili wake anakosea na anamfukuza kliniki. Na kujinyima chakula ili upungue ukiwa mjamzito si tiba: mwenye uzito huo hushauriwa aongezeke kilo 5 hadi 9 tu, si apungue. Kupungua ni kazi ya kabla ya mimba. Jambo moja zaidi: mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo wa presha, namba hupanda kwa uongo. Omba mkanda mkubwa, ni haki yako.

"Dawa za presha zitamdhuru mtoto." Baadhi, ndiyo. Zile ambazo majina yake huishia na -pril au -sartan huharibu figo za mtoto tumboni, hivyo anayezitumia amwone daktari mara anapojua ana mimba, abadilishiwe. Asiziache kimyakimya akabaki bila dawa. Methildopa, nifedipini na labetalol zimetumiwa na wajawazito kwa miaka mingi. Mwenye hatari kubwa anaweza pia kuandikiwa aspirini ya dozi ndogo kuanzia wiki ya 12, vizuri zaidi kabla ya wiki ya 16. Vidonge vya kukojoza uvimbe wa miguu usijinunulie, na kuacha chumvi kabisa hakuzuii priklampsia.

Kadi ya kliniki usiitupe mtoto akishakua. Daktari atakayekupima presha ukiwa na miaka 45 anahitaji kujua kwamba kwenye mimba ile ulikuwa na protini kwenye mkojo, na huenda wewe mwenyewe ukawa umeshasahau.