Je, Wajua? Shakwe Anatafuta Nini Mtera, Mbali na Bahari?

Wasafiri wa barabara ya Dodoma na Iringa wakifika Mtera hupenda kusimama kununua samaki, na wapo wanaoshangaa kuona shakwe wakizunguka juu ya bwawa. Si ndege wa Tanga na Dar es Salaam huyo? Kutoka Dodoma mjini hadi Dar ni zaidi ya kilomita 400. Amefuata nini huku kwenye mibuyu?

Hakupotea. Huyu ni shakwe kichwa-kijivu, na kwake bahari si lazima. Barani Afrika, kusini mwa Sahara, makazi yake makubwa ni maziwa, mito na mabwawa. Hata akiwa pwani, ni nadra kumkuta mbali na nchi kavu. Jamaa zake wengine wa aina hiyohiyo wako Amerika Kusini.

Ana urefu wa sentimita 42 hivi, na akikunjua mabawa hupita mita moja. Mgongo ni wa kijivu, tumbo jeupe, mdomo na miguu myekundu. Akitua karibu, mtazame jicho: limepauka, limezungukwa na ukingo mwekundu, hata anaonekana mkali muda wote. Ncha za mabawa ni nyeusi, wala si urembo tu. Melanini, ile rangi nyeusi, huyaimarisha manyoya yasichakae upesi kwa kuruka kutwa nzima.

Kinachowachanganya watu ni kichwa. Msimu wa kuzaliana huvaa kofia ya kijivu. Msimu ukipita kofia hufifia, likabaki doa jeusi nyuma ya jicho. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba kaona ndege wa aina mbili. Wadogo nao wana kahawia mabawani na mstari mweusi mwishoni mwa mkia, na huchukua kama miaka miwili kupata rangi za wazazi wao. Dume na jike hufanana, kwa hiyo usijisumbue.

Hutaga chini, kwa makundi, kila jike mayai mawili au matatu, na kisiwa kidogo ndicho hasa wanachokipenda. Adui akisogea, kundi zima humpigia kelele na kumrukia kutoka juu.

Singida mjini kuna maziwa ya Singidani na Kindai, yote ya maji ya chumvi. Shakwe hayaogopi. Juu ya macho ana tezi zinazochuja chumvi kutoka kwenye damu. Maji mazito ya chumvi hutokea puani, yakatiririka hadi ncha ya mdomo na kudondoka. Ukimwona anatikisa kichwa huku tone likining'inia, hana mafua.

Kuhusu chakula, hachagui: samaki wadogo, wadudu, mizoga, na matumbo ya perege yanayotupwa na wavuvi. Kumpora ndege mwenzake haoni haya.

Hatulii mahali pamoja. Dodoma mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na ukanda wa Bahi hujaa maji kisha ukapungukiwa, mwaka mwingine ukakauka kabisa. Ukifika Bahi ukakuta tope lililopasuka, mtafute Mtera, ikiwezekana asubuhi, mitumbwi inaporudi na samaki.