Nani Mkubwa Kuliko Wote? Kwanza Niambie Nani Alibeba Upepo

Jumamosi asubuhi, mazoezi yakiisha, tunakaa kivulini kwa muuza kahawa karibu na Uwanja wa Jamhuri, na hapo ndipo ubishi unapoanza. Nani mwanamichezo mkubwa kuliko wote tangu watu waanze kushindana? Vijana wangu hawachelewi. Mmoja anasema Messi, mwenzake anasema Ronaldo, kelele zinapanda mpaka wapita njia wanasimama kusikiliza. Juzi kijana wangu wa mita 1500, mpole kwa kawaida, alinigeukia akasema, "Mwalimu, wewe umeshika saa miaka yote hii, mbona leo huchangii?" Nikamwambia jibu langu ni refu kuliko kikombe cha kahawa, nitaliandika. Ndilo hili.

Mimi ni mtu wa riadha. Nafundisha mbio za kati na ndefu hapa Dodoma, na kwenye mashindano hukaa kwenye mstari wa kumalizia nikiwa mtunza muda. Mpira nauachia wenye mpira. Lakini swali la nani mkubwa kuliko wote ni swali la kupima, na kupima ndiyo kazi yangu.

Kosa ninalolisikia kila mara ni kuhesabu medali kana kwamba zote zina uzito mmoja. Medali inaeleza nani alitangulia kufika. Haielezi mbio zilikwendaje, wala nani alikuwepo na nani hakuwepo, wala nani alifanya kazi ambayo wengine waliifaidi. Katika daftari langu la mazoezi, kando ya muda wa kila mkimbiaji, kuna safu ndogo ambayo wageni huniuliza maana yake. Humo naandika herufi moja tu, U. Maana yake: huyu ndiye aliyebeba upepo.

Mtu wa Dodoma hahitaji kufundishwa upepo. Kiangazi kikikolea, toka mjini kimbia barabara ya kuelekea Ihumwa, utaupokea kifuani njia nzima, pamoja na vumbi lake. Ukigeuka kurudi mjini, unajiona umepona ugonjwa. Ila hata siku ambayo jani halitikisiki, mkimbiaji anatengeneza upepo wake mwenyewe kwa kule kwenda kwake. Hewa ni nzito kuliko tunavyoidhania. Ukiongeza mwendo mara mbili, inakusukuma nyuma mara nne, na nguvu unayotumia kila sekunde kuipasua inapanda mara nane. Kwa anayetembea si kitu. Kwa anayekimbia mita 1500 kwa kasi ya kimataifa, ni mzigo wa kweli, na anayekaa mita moja nyuma ya mgongo wa mwenzake anautua sehemu kubwa. Ndiyo maana mbio nyingi za ubingwa zinaanza polepole: kila mtu anamsubiri mwingine awe ukuta. Anayekubali kuwa ukuta anawalipia wenzake, halafu mwisho wa mbio wanakuja kumdai.

Sasa nenda Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Filbert Bayi, kijana wa Karatu, alikuwa na miaka 20. Kwenye mstari walikuwepo John Walker wa New Zealand akiwa nyumbani kwao, na Ben Jipcho wa Kenya, ambaye katika michezo hiyohiyo alishinda mita 5000 na mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Bunduki ilipolia, Bayi aliondoka kama anakimbia mita 400. Mzunguko wa kwanza aliumaliza chini ya sekunde 55. Kufikia mita 800 alikuwa amewaacha wenzake kama mita 20, na hapakuwa na mtu aliyekodiwa kumvutia kasi. Kila mjuzi wa mbio angesema huyu mtoto atakufa mbele.

Mzunguko wa mwisho wakaanza kumla. Walker alikuja, Jipcho alikuja. Kwenye mita 100 za mwisho Bayi alitazama nyuma, akaongeza. Muda wake ulikuwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Rekodi ya Jim Ryun wa Marekani, 3:33.1, ilikuwa imesimama tangu 1967, na siku ile hata Walker aliyeshika nafasi ya pili aliipita. Nataka vijana wangu walielewe hili la mwisho. Bayi alikimbia kwa namna iliyomlazimisha mpinzani wake naye aipite rekodi ya zamani, kisha bado akamshinda. Rekodi yenyewe ilikaa mpaka Agosti 1979, Sebastian Coe alipoitoa kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde.

Nimetunza muda wa mbio nyingi, nimetazama kanda nyingi zaidi. Sijaona mbio nyingine za mita 1500 ambazo mtu aliandikiwa U kuanzia mwanzo hadi mwisho, katika fainali, dhidi ya watu wa aina ile, na akaondoka na dhahabu na rekodi pamoja.

Mwaka uliofuata, huko Kingston, Jamaica, aliweka rekodi ya maili, 3:51.0. Miezi mitatu haikuisha Walker akaichukua. Dunia nzima ikawa inasubiri Montreal 1976 wakutane. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu, New Zealand ikaruhusiwa kushiriki Olimpiki, na nchi za Afrika, yetu ikiwa mbele, zikagoma. Siwezi kuujutia mgomo ule. Lakini tazama kilichotokea uwanjani: Walker alishinda dhahabu ya mita 1500 kwa 3:39.2. Ni sekunde saba nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Hapakuwa na mtu wa kubeba upepo, wakasubiriana. Dhahabu ile ni halali kabisa na Walker alikuwa mkimbiaji wa hali ya juu, ila mwenye kuhesabu medali atakwambia Walker anayo dhahabu ya Olimpiki na Bayi hana, halafu atadhani amemaliza hoja.

Miaka minne baadaye kulikuwa na mgomo mwingine, wa upande wa pili. Mwezi Februari 1980 Rais Carter wa Marekani alimtuma Muhammad Ali, mtu aliyejitangaza mwenyewe kuwa mkubwa kuliko wote, azunguke Afrika kutushawishi tusiende kwenye Olimpiki ya Moscow. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakumpokea, na Tanzania ikaenda Moscow. Ninamheshimu sana Ali. Aliponyang'anywa ubingwa kwa kukataa kwenda vitani Vietnam, alibeba upepo mzito kuliko wowote ninaouandika mimi. Lakini kama tungemsikiliza siku ile, tusingekuwa na medali zetu mbili za Olimpiki: fedha ya Suleiman Nyambui katika mita 5000, na fedha ya Bayi katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Na Bayi alikimbiaje? Vilevile. Aliongoza kwa mbali, mpaka Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia mzunguko wa mwisho. Hakujua kukimbia kwa kujificha, au hakutaka.

Hapo kahawani nikifika kwenye jina linalofuata, vijana wananyamaza, kwa sababu hawalijui. Linaniuma kila mara. Juma Ikangaa alizaliwa hapahapa Dodoma mwaka 1957. Alikuwa askari wa JWTZ, mfupi wa mita 1.63. Mwaka 1982 huko Brisbane, kwenye marathoni ya Jumuiya ya Madola, yeye na Gidamis Shahanga waliwaacha wengine mapema, wakakimbia wawili kwa kilomita nyingi. Robert de Castella wa Australia alikuja kuwafikia mwishoni, mbele ya watu wake. Ikangaa hakukubali, alipopitwa alirudi mbele tena, wakapokezana uongozi, akapoteza kwa sekunde 12. Kule Boston alikuwa wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Ule wa 1988 alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Kilomita 42 na mita 195, sekunde moja.

Kisha New York, Novemba 1989: saa 2, dakika 8, sekunde 1. Aliwaacha wote, akamaliza zaidi ya dakika moja mbele ya wa pili, na muda ule ulibaki kuwa rekodi ya njia ile mpaka 2001. Miaka 12, katika mji ambao mabingwa wa dunia nzima huenda kila mwaka kukimbilia pesa! Mtoto wa Dodoma. Nimepita shule kadhaa za mji huu nikiuliza jina lake, na mara nyingi anayelijua ni mlinzi wa getini.

Najua vijana watakachoniambia, kwa sababu wameshaniambia. "Mwalimu, na Simbu je?" Swali zuri, na linaitikisa hoja yangu. Alphonce Simbu ni wa Singida, jirani zetu. Mwezi Septemba 2025 huko Tokyo alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Hakuongoza kwa mbali. Alikaa, akasubiri, akavumilia joto, akaingia uwanjani akiwa nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani, na akampita kwenye hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa 2:09:48. Picha ya mstarini ndiyo iliyowatenganisha kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kugonga mlango.

Basi je, kwa kuwa alitumia migongo ya wenzake, ni mdogo? Hapana. Kutunza nguvu kwa saa mbili na kujua sekunde ya kuzitoa ni ujuzi, na Simbu aliusomea kwa miaka mingi: wa tano Olimpiki ya Rio 2016, shaba ya dunia London 2017, wa saba Olimpiki ya Tokyo. Ushindi wake naupa heshima yote. Ninachosema ni kwamba kushinda ni jambo moja na ukubwa ni jingine, hata kama mara nyingi hulala nyumba moja. Tuzo ya ushindi mkubwa kuliko wote wa Mtanzania nampa Simbu bila kusita. Mkimbiaji mkubwa kuliko wote wa Tanzania nampa Bayi.

Upepo huohuo unanisaidia kumsoma Eliud Kipchoge. Pale Vienna mwaka 2019 alipokimbia marathoni kwa 1:59:40, alizungukwa na wavuta kasi 41 waliopokezana, wamepangwa makusudi kumkinga hewa. Ndiyo maana haikuandikwa kuwa rekodi. Ukubwa wa Kipchoge usitafutwe pale. Utafute kwenye dhahabu zake mbili za marathoni ya Olimpiki, Rio na Tokyo. Hata Faith Kipyegon, Juni 2025 jijini Paris, alizungukiwa na ukuta wa watu ajaribu maili chini ya dakika nne, akapata 4:06.42. Siku tisa baadaye, kwenye mbio za kawaida, akaweka rekodi ya dunia ya mita 1500, 3:48.68. Mimi hiyo ya pili ndiyo niliyoibandika ukutani.

Na dunia nzima, michezo yote? Nisikwepe. Ukipima kwa pengo kati ya mtu na wenzake, hakuna wa kumfikia Donald Bradman wa Australia katika kriketi. Wastani wake wa mechi za kimataifa ni mikimbio (ndizo pointi za kriketi) 99.94 kwa kila mara aliyotolewa, wakati wakubwa wengine wengi wanazunguka hamsini na sitini. Mara yake ya mwisho kupiga katika mechi hizo, 1948, alihitaji mikimbio minne tu ili wastani ufike mia. Akatolewa bila kupata hata mmoja. Ila nchi zilizocheza kriketi ya ngazi ile enzi zake hazikuzidi sita. Pengo lazima lizidishwe kwa idadi ya waliopata nafasi ya kujaribu, na mchezo ambao kila mtoto duniani ameujaribu, hata asiye na viatu, ni kukimbia kutoka mti huu mpaka ule.

Kwa hiyo namtaja Usain Bolt. Mita 100 kila mtu ana njia yake. Hapana mgongo wa kujificha. Berlin, 16 Agosti 2009, alikimbia sekunde 9.58. Tyson Gay alikimbia 9.71, muda ambao karibu siku nyingine yoyote ungemfanya mfalme, naye alionekana kama anasindikiza. Bolt alikata sehemu 11 za mia kutoka kwenye rekodi yake mwenyewe, katika mbio ambazo watu hufurahia kukata moja. Rekodi hiyo bado ipo.

Bolt kwa dunia, Bayi kwa moyo wangu na kwa kila mbio ambazo mtu anaweza kujificha akakataa. Atakayebisha, njia ya Ihumwa inajulikana.

Yule kijana aliyeniuliza, Jumamosi iliyopita aliongoza kundi zima kwenye upepo wa kwenda. Wakati wa kurudi watatu walimpita. Alikuja kwangu ameinamisha kichwa, anataka kujua amepoteza sekunde ngapi. Nilimfungulia daftari, nikamwonyesha safu ile ndogo. Mwezi huu jina lake lina U sita. Hakuna mwingine aliyefika mbili.