Karata nzito kwenye poka ya limiti: pandisha mapema

Kwenye Hold'em ya limiti, poka ambayo kila mchezaji ana karata mbili za siri na tano za mezani ni za wote, kiwango cha dau hakibadiliki kwa matakwa yako. Kabla ya flopu (karata tatu za kwanza za mezani) na kwenye flopu ni dau dogo. Karata ya nne na ya tano ni dau kubwa, mara mbili yake. Kwa kawaida kila raundi haizidi dau moja na kupandisha mara tatu. Humtishi mtu kwa kusukuma mezani kila ulicho nacho. Unachoweza kuongeza ni idadi ya madau tu, kwa hiyo anayekaa kimya na karata nzito anajipunja.

Tuseme una ree mbili. Ulipandisha, mmebaki wanne, chungu (fedha zinazoshindaniwa) kina madau madogo 8. Flopu inatoa kwini, tisa na nne. Aliye kuliani kwako anaweka dau. Ukifuata tu, yaani ukilipa dau hilo bila kuongeza, anayecheza baada yako anakuta 10 mezani, naye analipa 1. Kama ana jozi ya tisa, karata 5 kati ya 47 asizoziona ndizo za kumwokoa, yaani anakosa mara 8.4 kwa kila 1 anayopata. Chungu kinamlipa 10 kwa 1, kwa hiyo hesabu inamruhusu kufuata. Ukipandisha, anakuta 11 na kudaiwa 2, sawa na 5.5 kwa 1. Akifuata sasa anakosea. Akitupa, mpinzani mmoja amepungua. Dau moja tu limegeuza hesabu yake.

Mwenye kopa nne anayesubiri ya tano, kwa kuwa kopa tano zinashinda jozi, hafukuziki hivyo. Karata ya nne ikishatoka bila kumpa kitu, ana 9 kati ya 46, kama 4.1 kwa 1, na chungu kinamlipa zaidi ya hapo. Wengi hujiuliza hapa: kama anafaidi kufuata, niweke dau la nini? Weka! Kinachomvuta ni fedha zilizokwisha kuwekwa. Lakini katika dau jipya analoongeza, asilimia 80 hivi ni yako, kwa sababu karata 37 zinakuacha mbele. Ukipitisha bila kuweka dau, umempa karata ya tano bure.

Kuficha nguvu kuna mahali pake, ila ni padogo: umekamata tatu na mbili (tatu za namna moja pamoja na jozi) tayari kwenye flopu, mpinzani ni mmoja, na yeye ndiye anayeweka dau. Fuata kwenye flopu, kisha pandisha karata ya nne dau linapokuwa kubwa. Wakiwa watatu na meza ina kopa mbili, usithubutu kungoja ukiwa na tatu za namna moja.

Karata ya tano ikiwa kopa ya tatu mezani, acha kupandisha kwa jozi peke yake, hata ya ree. Kutupa ni jambo jingine. Chungu kikiwa na madau makubwa 8 mpinzani akaweka 1, unalipa 1 kupata 9. Ukishinda mara moja tu kati ya 10 hujapoteza kitu. Fuata, mfunue karata.